Mandhari moja au mbili: tovuti ya Nairobi kwenye simu na kwenye kompyuta

Anayejenga tovuti Nairobi hukutana na swali hili kabla hajaandika mstari wa kwanza wa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa: tutengeneze mandhari (sura ya tovuti, au "theme") moja inayojipanga kufuatana na skrini, au mbili, ya kompyuta kando na ya simu kando? Na ikiwa ni moja, tuanze kuichora kwa skrini ipi? Wenye biashara wengi humwachia fundi aamue, na mafundi wengi huamua kwa mazoea. Swali hili linastahili kufikiriwa vizuri, maana jibu lake ndilo linaloamua nani atafika kwenye kitufe cha kulipa na nani atakata tamaa njiani.

Nataja msimamo wangu mapema ili usome ukijua nilipo. Skrini kutofautiana si sababu ya kujenga mandhari mbili. Kazi ikitofautiana, hapo sababu ipo. Na kwa tovuti nyingi za jiji hili, mandhari hiyo moja ianzie kwenye simu.

Mbili: ya simu kando, ya kompyuta kando

Hii ndiyo njia kongwe. Simu za mwanzo zenye intaneti hazikuweza kubeba ukurasa wa kompyuta, kwa hiyo makampuni yalijenga tovuti ya pili, nyepesi, kwenye anwani inayoanza na m. Katika WordPress, mfumo maarufu wa kujengea tovuti, njia hiyo huja kwa sura nyingine: anwani ni moja, lakini seva hukagua kivinjari kinachobisha hodi, kisha ikaamua itoe mandhari ipi.

Faida yake ni ya kweli, na wanaoibeza huisahau. Ukurasa wa simu huwa mwepesi tangu unapotoka kwenye seva. Aliyenunua bando la siku halipii vitu asivyoviona. Kwenye mandhari moja iliyojengwa ovyo, huvilipia: picha uliyoificha kwa `display: none` kwa kawaida hupakuliwa vilevile, na slaidi tano za ukurasa wa mbele hula data ya mtu ambaye skrini yake haikuonyesha hata moja.

Matatizo huanza pale seva inapolazimika kukisia. Katika WordPress kazi hiyo hufanywa na `wp_is_mobile()`, iliyokuja mwaka 2012, ambayo kwa miaka mingi ilisoma tu jina kivinjari kinalojitambulisha nalo. Majina hayo hayategemeki tena. Tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, Safari ya iPad hujitambulisha kuwa ni Mac. Chrome nayo ilipunguza maelezo yake mwaka 2023, hivi kwamba simu ya Android hujitaja kuwa "Android 10" ya modeli "K", iwe ni itel ya bei nafuu kabisa au Samsung ya bei ghali. Kompyuta kibao ya Android nayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa simu, hata kama skrini yake ilitosha mandhari ya kompyuta bila shida.

Halafu kuna akiba ya kurasa. Tovuti nyingi ndogo hukaa kwenye seva za kukodi za bei ya chini, na fundi huweka plagini, programu ndogo ya nyongeza, inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Plagini ikihifadhi nakala aliyopewa mgeni wa kwanza, na mgeni huyo alikuwa na kompyuta ofisini Upper Hill, basi anayefuata, aliye na simu ndani ya matatu ya Thika Road, hupewa ukurasa wa kompyuta. Dawa ipo: kutenganisha akiba ya simu na ya kompyuta. Ila lazima mtu akumbuke kufanya hivyo, na akumbuke tena siku plagini itakapobadilishwa, pengine na fundi mwingine kabisa.

Kwa wanaotumia anwani ya m. kuna adha nyingine, nayo Nairobi ina uzito wake kwa sababu viungo hapa husafiri kwa WhatsApp. Mtu anatuma kiungo kutoka kwenye simu, mwenzake anakifungua kwenye WhatsApp ya kompyuta, na ukurasa mwembamba wa simu unatandazwa kwenye skrini ya inchi kumi na tano. Hata Wikipedia iliishi na hali hiyo kwa miaka mingi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni Google. Aprili 2015 ilianza kuzipendelea, kwa wanaotafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Novemba 2016 ikatangaza kwamba itaziorodhesha tovuti kwa kusoma kwanza toleo la simu, na mwaka 2023 ikasema uhamaji huo umekamilika. Maana yake ni kwamba maelezo uliyoyaondoa kwenye mandhari ya simu ili iwe nyepesi, kwa Google ni kama hayapo, hata kwa anayetafuta kwa kompyuta. Wanaojenga mandhari mbili karibu kila mara hupunguza maneno kwenye ya simu. Wanajipunguza wenyewe kwenye matokeo.

AMP, ile njia ya kurasa za simu iliyotangazwa na Google mwaka 2015, siiweki kwenye mizani kwa mradi mpya. Tangu 2021 haikuwa tena sharti la kuingia kwenye sehemu ya habari kuu za Google, na sababu kubwa ya kuitumia ikaondoka nayo.

Moja inayojipanga, na ianzie wapi

iPhone ilipotoka mwaka 2007, Safari yake ilichora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980, kisha ikausinyaza uenee. Apple ikaleta tegi ya `viewport` ili mwenye tovuti aseme upana anaoutaka. Mei 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte akaunganisha mambo matatu kuwa njia moja: gridi za uwiano, picha zinazonyumbuka, na kanuni za `@media` zinazoangalia upana wa skrini. Kanuni hizo zikapitishwa rasmi na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Juni 2012. Mandhari karibu zote unazouziwa leo zimesimama juu ya msingi huo, na ukiisahau ile tegi ya `viewport`, ukurasa wako utasinyaa kwenye simu mpya kabisa kama ulivyosinyaa mwaka 2007.

Swali la wapi pa kuanzia ndilo linalopuuzwa. Fundi hufanya kazi mbele ya skrini kubwa, mteja huonyeshwa mchoro kwenye skrini kubwa, wote wakaupitisha, kisha simu ikashughulikiwa Ijumaa jioni kwa kubana kilichopo.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi Industrial Area. Lina jedwali la mabati lenye safu sita: geji, urefu, rangi, bei ya rejareja, bei ya jumla, na kama yapo stoo. Kwenye kompyuta jedwali linakaa vizuri. Simu nyingi za Android huhesabu upana wa pikseli 360 hivi, kwa hiyo kila safu ingepata 60, na ukitoa nafasi ya pembeni, neno "rejareja" lenye herufi za kusomeka halienei. Aliyeanzia kwenye kompyuta sasa ana machaguo mabaya matupu. Hupunguza herufi hadi zisisomeke juani, au huficha safu, na mara nyingi safu inayofichwa ni ya bei ya jumla kwa sababu iko upande wa kulia. Fundi wa ujenzi aliyesimama saiti Ruai alikuja kutafuta bei hiyohiyo.

Aliyeanzia kwenye simu hulazimika kuuliza mapema: huyu mtu wa saiti anataka kujua nini? Geji, urefu, bei zote mbili, na kama mali ipo. Kila bati linakuwa kadi fupi yenye mistari mitatu. Skrini ikipanuka kupita pikseli 700 hivi, kanuni ya `min-width` inazipanga kadi kuwa safu, na rangi inaingia mahali pake. Hakuna kinachofichwa, vitu vinaongezwa tu. Hata CSS yenyewe inakuwa fupi, kwa sababu huandiki kanuni ya kompyuta kisha nyingine ya kuifuta kwa ajili ya simu.

Kuna tahadhari moja hapo. Ukigeuza jedwali halisi kuwa kadi kwa `display: block`, baadhi ya vivinjari husahau kwamba lilikuwa jedwali, na programu ya kumsomea asiyeona hutamka namba zisizo na kichwa. Data ikiwa ni nyingi kweli, acha jedwali libaki jedwali ndani ya kisanduku kinachoteleza kando kwa `overflow-x: auto`. Kisanduku kiteleze peke yake, ukurasa wote usiteleze.

Kuanzia kwenye kompyuta kuna pahala pake. Mfumo ambao watumiaji wake wote wako ofisini, kama wa stoo au wa mahesabu, hauna haja ya kuanzia kwenye simu. Lakini tovuti ya duka, zahanati, shule, hoteli au kanisa haimo katika kundi hilo.

Kulipa: hapa simu na kompyuta ni vitu viwili tofauti

Mtu wa Nairobi akinunua mtandaoni, mara nyingi atalipa kwa M-Pesa. Mandhari nyingi zilizoundwa nje hazikumfikiria, kwa hiyo pahala hapa pana thamani kuliko rangi na fonti zote.

Kwenye kompyuta mambo ni mepesi. Mteja anaandika namba ya simu, anabonyeza kitufe cha kulipa, na ombi la PIN linatokea kwenye simu iliyo mezani. Ukurasa uko palepale mbele yake na unaweza kumwambia, "Angalia simu yako, ingiza PIN." Muamala ukipita, ukurasa unabadilika akiuona.

Kwenye simu, ombi la PIN linafunika kivinjari chenyewe. Anaingiza PIN, SMS ya uthibitisho inaingia, anaifungua aisome, pengine anajibu na ujumbe wa mtu mwingine. Simu yenye RAM ndogo huweza kukifunga kichupo cha kivinjari ili kupata nafasi, na mteja akirudi ukurasa unapakiwa upya kutoka mwanzo. Kama mandhari yako ilishikilia oda kwenye JavaScript ya ukurasa tu, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, anakuta kikapu kitupu na pesa imekwisha kutoka. Huyo hatarudi, na atawaambia wenzake.

Kwa hiyo oda iandikwe kwenye seva kabla ombi la malipo halijatumwa, ipewe anwani yake yenyewe, na ukurasa ukipakiwa upya uulize seva malipo yamefika wapi. Kitufe kizimwe mara kinapobonyezwa, maana mtandao ukisuasua mtu hubonyeza tena. Sehemu ya namba iwe `type="tel"` ili kibodi ya namba ijitokeze yenyewe, ikubali 07, 01, 254 na +254, na isimkemee mtu aliyeacha nafasi kati ya tarakimu. Herufi za sehemu hiyo zisipungue pikseli 16, la sivyo Safari ya iPhone itaukuza ukurasa mtu anapogusa kuandika, na nusu ya fomu itatoka nje ya skrini.

Kwenye kompyuta nako usichukulie kwamba anayeagiza ndiye anayelipa. Ofisini, oda hufanywa na mmoja na PIN iko kwa bosi au mhasibu. Namba iliyojazwa kutoka kwenye akaunti ya mteja iweze kubadilishwa bila kumtoa kwenye ukurasa.

Tazama kwamba haya yote yanamalizwa na mandhari moja. Skrini mbili zina mazingira tofauti, lakini kazi ni ileile: kulipa oda moja.

Kompyuta bado ina wenyewe

Kuna watu wamelielewa vibaya jambo la kuanzia kwenye simu, wakaishia hapohapo. Unafungua tovuti yao kwenye kompyuta unakuta kitufe kimoja kimevutwa kutoka ukingo hadi ukingo, mistari ya maneno mirefu ambayo jicho linapotea likirudi kushoto, na menyu imefichwa nyuma ya vistari vitatu ilhali pana nafasi ya kuitandaza yote.

Mtu wa kompyuta Nairobi mara nyingi yuko kazini. Ni ofisa wa manunuzi anayelinganisha wauzaji watatu, au yuko saiba akijaza fomu ndefu ambayo haitaki kujazwa kwa kidole gumba. Laptopu yake huenda ni ya mtumba yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na ukiondoa vichupo vya kivinjari na upau wa chini, kimo kinachobaki ni kidogo. Kichwa cha tovuti kinachoganda juu kwa pikseli 120 kinamnyang'anya sehemu nzuri ya kimo hicho. Mwekee mistari isiyozidi herufi 70 hivi, na hakikisha kitufe cha Tab kinampeleka kwenye fomu kwa utaratibu na anaona alipofika.

Na anachapisha. Kotesheni hupelekwa kwa karatasi, husainiwa, huingia kwenye faili. Kanuni chache za `@media print`, za kuondoa menyu na mandharinyuma ya rangi na kuacha jina la duka, bei na tarehe, ni kazi ya saa moja. Ni mandhari chache sana zinazokuja nazo zikiwa tayari.

Vivinjari vyenyewe

Chrome ya Android ndiyo ya kwanza kuijali. Safari ya iPhone ifuate, kwa sababu ya tabia zake: `100vh`, kipimo cha kimo chote cha skrini, humo huhesabu pia eneo lililofunikwa na upau wa anwani, hivyo kitufe ulichokiweka chini kabisa hakionekani. Tumia `dvh`, inayofuata kimo kinachoonekana kweli, na uandike mstari wa `vh` kabla yake kwa ajili ya vivinjari vya zamani.

Opera Mini inahitaji maneno zaidi, maana watu wanaopimia data bado wanaiamini. Ikiwa katika hali yake ya kubana kwa nguvu, ukurasa huchorwa kwenye seva za Opera na simu hupewa matokeo yaliyobanwa. JavaScript huendeshwa kule, tena kwa muda mfupi, kisha husimamishwa. Fonti ulizoleta wewe hazipakiwi, kwa hiyo alama zilizotengenezwa kwa fonti hugeuka visanduku vitupu. Weka alama kwa SVG, aina ya picha isiyohitaji fonti. Menyu ambayo bila JavaScript haifunguki kabisa iwe na kiungo cha kawaida kinachoshuka hadi orodha iliyo chini ya ukurasa. Ukianzia kwenye simu, na simu uliyoifikiria ni dhaifu kweli, mengi ya haya hujitatua yenyewe.

Kwenye mguso, kitu kinachoonekana tu kishale kikipita juu yake hakipo. Menyu za kushuka za aina hiyo zifungiwe ndani ya `@media (hover: hover)`, na kwenye simu zifunguke kwa kubonyeza. Vitufe viwe na ukubwa wa kidole: Android hupendekeza vipimo 48, Apple 44.

Kuhusu picha, WordPress tangu toleo la 4.4 la Desemba 2015 hutoa `srcset`, orodha ya picha ileile kwa ukubwa mbalimbali, ili simu ichague picha ndogo. Mandhari nyingi za kununuliwa huivunja kwa kuweka picha kubwa kama mandharinyuma kwenye CSS. Kabla hujalipia mandhari yoyote, fungua onyesho lake ukague hilo kwanza.

Kuijaribu

Kubana dirisha la Chrome kwenye laptopu hakutoshi. Kioo cha majaribio cha kivinjari hukuonyesha upana wa simu, lakini kichakataji ni cha laptopu yako na intaneti ni ya ofisini. Nenda Luthuli Avenue ununue Android ya bei ya chini, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, na ufungue `chrome://inspect` uone kinachochelewa. Zima Wi-Fi, tumia bando. Google hulenga kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na simu hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli.

Basi uchague ipi

Duka, mgahawa, mtoa huduma, shule inayotangaza nafasi: mandhari moja, uanzie kwenye simu. Mwenye bajeti ndogo achukue mandhari ya msingi ya WordPress na kuibadilisha kidogo, badala ya ile ya kufanya kila kitu inayokuja na plagini kumi.

Sura mbili zijengwe pale ambapo watu wawili hufanya kazi mbili. Shule ambayo mzazi huangalia salio la karo kwa simu huku mhasibu akiingiza malipo ya mamia ya wanafunzi kwenye kompyuta, ina kazi mbili. Mhasibu apewe skrini yake pana yenye jedwali na njia za kibodi, nyuma ya nywila. Mzazi asipewe jedwali hilo likiwa limebanwa. Hata hapo hutenganishi kwa kukisia kivinjari. Unatenganisha kwa aliyeingia ni nani, na mhasibu akifungua kwa simu akiwa nyumbani anakuta kazi yake ileile.

Aliye na tovuti ya zamani ya m. asiizime usiku mmoja. Kila ukurasa wa m. uelekezwe kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwenye ukurasa wake wenyewe wa tovuti kuu, si wote kwenye ukurasa wa mbele, kwa sababu viungo vya miaka iliyopita bado viko kwenye makundi ya WhatsApp na watu bado wanavibonyeza. Hamisha kwanza maelezo yaliyokuwa kwenye toleo la kompyuta tu, hakikisha yanasomeka kwenye pikseli 360, halafu ndipo uelekeze. Uelekezaji huo uache ukifanya kazi kwa mwaka mzima au zaidi. Google hushauri usipungue mwaka.